Tumehamia kisiwani, tunataka kukizunguka chote wikendi: tupangeje?

Wageni_wa_Pwani

Wakuu, habari zenu. Mimi na mke wangu tumehamia kisiwani kikazi na tutakaa miaka kadhaa. Kazi ni Jumatatu hadi Ijumaa, kwa hiyo nafasi yetu ni Jumamosi na Jumapili, mchana tu. Tunataka kukijua kisiwa kipande kwa kipande, kwa miguu na kwa maji.

Hali ya kisiwa ni hii. Upande unaopigwa na upepo kuna majabali na mawimbi makubwa. Upande wa pili kuna mwamba wa matumbawe, na nyuma yake maji yametulia. Kuna hori moja (mkono wa bahari unaoingia nchi kavu) yenye mikoko. Kuna fungu la mchanga linaloibuka maji yakipwa, kama kilomita 1.2 kutoka ufukweni. Katikati kuna kilima cha mita 640, njia yake ni kilomita 12 kwenda na kurudi. Wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hufika mita 3.6.

Wote tunajua kuogelea ila si mabingwa. Tuna kayaki ya wazi ya watu wawili, miwani ya kuzamia na mirija, na viatu vya kawaida vya kutembelea.

Tunaomba kujua: ratiba ya wikendi tuipange kwa kufuata nini? Kwenye fungu la mchanga, muda salama unajulikanaje? Na vifaa gani ni vya lazima kabla hatujaanza?

---

Jedwali_la_Maji

Karibuni kisiwani. Jambo la kwanza: msianze na orodha ya sehemu mnazotaka kwenda. Anzeni na jedwali la maji (orodha ya saa na vimo vya maji kujaa na kupwa) la bandari iliyo karibu nanyi, halafu jedwali ndilo liwaambie wikendi hii ni ya sehemu gani.

Sehemu nyingi duniani maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Kati ya kujaa na kujaa ni saa 12 na dakika 25, kwa hiyo kila siku nyakati zinasogea mbele kwa dakika 50 hivi. Sasa zidisha kwa siku 7: Jumamosi hadi Jumamosi nyakati zinasogea karibu saa 6. Maana yake, kama Jumamosi hii maji yanapwa saa 4 asubuhi, Jumamosi ijayo saa hiyo hiyo yatakuwa karibu yamejaa. Baada ya wiki mbili mnarudi palepale, ila mapema kwa dakika 40 hivi.

Kwa mtu anayetembea wikendi tu, hilo ni jambo kubwa. Wikendi zenu zitakuwa zinapokezana: moja ya maji kupwa asubuhi, inayofuata ya maji kujaa asubuhi. Ya kwanza ni ya kutembea pwani, kuangalia vidimbwi vya mwambani, na fungu la mchanga. Ya pili ni ya kayaki ndani ya mikoko na kuogelea juu ya matumbawe pakiwa na kina cha kutosha. Pigeni mstari kwenye kalenda ya miezi mitatu mbele na mtaona mpangilio unajitokeza wenyewe.

Kuna bamvua na maji mafu pia. Bamvua huja siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo na baada ya mwezi mpevu. Hapo maji hujaa sana, hupwa sana, na mikondo huwa mikali. Maji mafu huja baada ya mwezi kuwa nusu, na tofauti inapungua sana. Na kwa sehemu moja, bamvua hupwa karibu saa zile zile za siku mwaka mzima. Tafuteni saa hizo kwa pwani yenu mzikariri. Kama bamvua yenu inapwa katikati ya asubuhi mna bahati. Ikipwa jioni jua likizama, fungu la mchanga lisahauni siku za bamvua, subirini siku zilizo kati ya bamvua na maji mafu.

Tahadhari tatu kwenye kusoma jedwali.

Majedwali huandikwa kwa mtindo wa saa 24. 10:20 ni saa 4 na dakika 20 asubuhi, na 16:30 ni saa 10 na nusu alasiri. Mkiwa wawili, mmoja akasoma jedwali na mwingine akatega saa, kosa la saa 6 hutokea kirahisi, na saa 6 baharini ni kinyume kabisa: unafika kwenye fungu maji yamejaa. Andikeni nyakati kwa Kiswahili kwenye karatasi kabla ya kutoka. Angalieni pia kama jedwali limeandikwa kwa saa za kwenu au saa za dunia (UTC).

Kimo kwenye jedwali hakipimwi kutoka chini ya bahari. Kinapimwa kutoka kwenye usawa wa chati (chati ni ramani ya baharini), ambao ni takriban usawa wa chini kabisa maji yanaposhuka. Kwenye chati za bahari, namba iliyopigiwa mstari chini yake ni kimo cha ardhi inayoibuka juu ya usawa huo.

Jedwali halijui hali ya hewa. Kanieneo ya hewa (mgandamizo wake) ikishuka hektopaskali 1, kipimo chake kwenye utabiri, bahari hupanda kama sentimita 1, na upepo unaovuma kuelekea nchi kavu husukuma maji yapande zaidi. Kwa hiyo siku yenye dhoruba maji yanaweza kuzidi jedwali kwa sentimita nyingi na kuwahi.

Fungu la mchanga nitalieleza vizuri mkinipa namba: linaibuka maji yakiwa kimo gani, na kati yake na ufukwe kuna mfereji au hakuna? Kama chati haisemi, kaeni ufukweni na darubini, andikeni saa mchanga unapoanza kuonekana, kisha mtafute kimo cha saa hiyo kwenye jedwali. Fanyeni hivyo siku isiyo na upepo mkali.

---

Kafi_Mkononi

Mchango wa juu ni mzuri, ila naongeza upepo, kwa sababu kwa mtu wa kayaki upepo una nguvu kuliko maji yenyewe.

Siku ya jua, nchi kavu hupata joto haraka kuliko bahari, hewa juu yake inapanda, na upepo wa bahari unaingia kuziba nafasi. Huanza asubuhi jua likishapanda na hufika kilele kati ya saa 8 na saa 10 alasiri. Kwa hiyo kayaki ni ya asubuhi. Tokeni mapema muwe mmeshaivuta nchi kavu kabla ya saa 6 mchana.

Mnapotoka, anzeni kwa kwenda dhidi ya upepo ili mrudi unawasukuma mkiwa mmechoka. Wengi hufanya kinyume kwa sababu kuanza na upepo mgongoni kunapendeza, halafu kurudi kunakuwa mara mbili ya muda wa kwenda.

Upepo mbaya kuliko yote ni ule unaotoka nchi kavu kwenda baharini, na ubaya wake ni kwamba unaonekana mzuri. Ukisimama ufukweni maji yako shwari, kwa sababu majabali na miti inakukinga na mawimbi hayajapata nafasi ya kukua. Ukifika mita 500 upepo unakukamata na mawimbi yanaanza, na kila dakika ya kupumzika unasogezwa mbali na nchi kavu. Siku ya upepo huo acheni kayaki.

Kipimo chenu cha upepo mkiwa wapya kiwe kilomita 18 kwa saa. Ukianza kuona vilele vyeupe vya mawimbi vimetapakaa, mmeshakifikia. Angalieni pia upepo na mkondo vikipingana. Mkondo ukienda upande mmoja na upepo ukatoka upande huo, mawimbi husimama mafupi na yenye mwinuko mkali, hata kama utabiri unasema upepo ni wa wastani. Hilo hutokea sana kwenye milango ya mwamba na midomo ya hori.

Kwa kukadiria: watu wawili wanaopiga kafi bila haraka huenda kama kilomita 5 kwa saa. Mkondo wa kilomita 3.5 kwa saa si jambo la ajabu siku ya bamvua. Ukiukabili, umebakiwa na kilomita 1.5 kwa saa. Piga hesabu hiyo kabla, ukiwa nyumbani.

Mikoko: ingieni saa mbili za mwisho kabla ya maji kujaa, mbebwe na maji kuingia ndani, kisha geukeni maji yakisimama au yakianza tu kutoka. Msisubiri. Hori hukauka kuanzia ndani kwenda mdomoni, na mkikwama mtakaa juu ya tope saa kadhaa hadi maji yarudi. Tope la mikoko linaweza kummeza mtu hadi mapajani, kwa hiyo mkikwama msishuke. Kaeni ndani ya kayaki, jifunikeni jua, subirini.

Kuhusu ninyi wawili: mwenye nguvu na uzito zaidi akae nyuma, yeye ndiye anayeongoza mwelekeo. Wa mbele anaweka mwendo, na wa nyuma anamfuata yeye. Mkibadilishana majukumu haya katikati ya maji makafi yatagongana na mtaanza kulaumiana bure.

Jaketi la kuokolea livaliwe na kufungwa tangu ufukweni. Lililofungwa nyuma ya kiti halina kazi, maana kulivaa ndani ya maji yenye mawimbi ni kazi ngumu hata kwa muogeleaji mzuri. Filimbi ifungwe kwenye jaketi, kafi lifungwe kwa kamba fupi, na kafi moja la akiba liwepo.

Kabla ya safari yoyote ya mbali, jifunzeni kupinduka. Nendeni maji ya kifuani, pinduka makusudi. Hatua ni hizi: kila mmoja ahakikishe mwenzake yuko juu, wote mshike kayaki. Igeuzeni isimame sawa, mkiwa wote upande mmoja mkivuta ukingo wa mbali. Kisha mmoja anazunguka upande wa pili na kuning'inia pale kuzuia isipinduke tena. Mwingine anapiga miguu hadi mwili ulale juu ya maji, anajivuta kwa tumbo hadi kitovu kifike katikati ya kayaki, ndipo anageuka na kukaa. Yeye akishakaa anaegemea upande wa pili huku mwenzake anapanda vilevile. Kosa la kawaida ni kujaribu kupanda mwili ukiwa wima. Uzito wote unavuta ukingo mmoja na kayaki inawarudia kichwani. Rudieni zoezi hadi kila mmoja aweze kuwa wa kwanza kupanda.

---

Njia_ya_Kilima

Mimi nazungumzia kilima tu.

Kuna kanuni ya zamani ya William Naismith, mpanda milima wa Uskoti, ya mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, na saa moja ya ziada kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa njia yenu, kilomita 12 ni saa 2 na dakika 24, na mita 640 ni saa 1 na dakika 4. Jumla saa 3 na dakika 28. Hesabu hiyo ni ya mtu mwenye nguvu, njia nzuri, bila kupumzika. Ongezeni theluthi moja kwa joto, mizizi na kusimama: mnapata kama saa 4 na dakika 40.

Mkianza saa 12 na nusu asubuhi, kileleni mtafika kama saa 3 na nusu na mtarudi chini kabla ya jua la utosi. Wekeni saa ya kugeuka, tuseme saa 4 na nusu. Ikifika hiyo mnageuka hata kama kilele kinaonekana. Mwenye mwendo mdogo atangulie mbele. Akikaa nyuma, kila mkisimama kumsubiri, mwenzake anapumzika na yeye anafika tu mnaondoka.

Mnaanza mapema kwa sababu nyingine pia. Upepo wa bahari ukigonga kilima unalazimika kupanda, hewa inapoa na mvuke unageuka wingu. Ndiyo maana vilele vya visiwa vingi hujifunika kadiri siku inavyosogea wakati ufukweni kuna jua kali. Ndani ya wingu njia haionekani na mawe yanateleza.

Maji ya kunywa: nusu lita kwa kila mtu kwa saa ndiyo kima cha chini, joto likizidi inakaribia lita moja. Kwa safari hii bebeni lita 6 kwa wawili, kila mmoja na zake mgongoni. Msiweke maji yote kwenye begi moja, wala funguo, wala simu zote mbili.

Vijito vya kisiwani ni vifupi na vina mteremko mkali. Mvua ikinyesha kileleni, kijito cha chini kinaweza kujaa ndani ya dakika chache huku ulipo hakuna tone. Maji yakibadilika rangi ghafla, au yakianza kuleta majani na vijiti, toka bondeni upande juu hapo hapo. Usivuke maji ya kasi yanayopita magoti.

Radi: hesabu sekunde kati ya mwanga na ngurumo, kila sekunde 3 ni kilomita 1. Zikiwa 30 au pungufu, shukeni kutoka kwenye ukingo wa kilima, na msirudi juu hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

Ramani: Organic Maps au OsmAnd zinafanya kazi bila intaneti, mradi umepakua eneo lako ukiwa nyumbani. GPS ya simu haihitaji mtandao wa simu. Simu moja ionyeshe njia ikiwa kwenye hali ya ndege, ya pili izimwe kabisa ibaki ya dharura. Na tochi za kichwani mbili, hata kama mnapanga kurudi mchana. Msitumie tochi ya simu, inamaliza chaji ambayo ndiyo njia yenu ya kuita msaada.

Kukadiria jua: nyoosha mkono, panga vidole kati ya jua na upeo wa macho. Kila kidole ni takriban dakika 15. Visiwa vya karibu na ikweta giza huingia haraka, kama dakika 20 hivi baada ya jua kuzama.

---

Miguu_Salama

Viatu vya kawaida vya kutembelea vitawasumbua kwenye mwamba. Vikilowa vinakuwa vizito, na mchanga ukiingia unachubua. Mnahitaji viatu vya maji vyenye soli ngumu inayofunika vidole. Sandali hazitoshi, kwa sababu miiba mirefu myeusi ya wale viumbe wa duara wa mwambani huingia kutoka pembeni.

Namna ya kutembea: kwenye mchanga ulio ndani ya maji, buruta nyayo badala ya kuinua miguu. Taa (samaki bapa mwenye mwiba mkiani) hujifukia mchangani, mguu unaoburutwa unamgusa ubavuni naye anakimbia, mguu unaoshuka kutoka juu unamkanyaga naye anapiga kwa mkia. Kwenye mwamba, kanyaga mchanga au matumbawe yaliyokufa na kuvunjika. Matumbawe hai msiyakanyage kabisa. Yale ya matawi hukua sentimita chache hadi kumi hivi kwa mwaka, na yale ya mviringo makubwa hukua kama sentimita moja au pungufu, kwa hiyo hatua moja inafuta miaka mingi. Mkielea juu yake, msisimame kurekebisha miwani. Laleni chali mrekebishe. Jikingeni jua kwa shati la mikono mirefu, mnapunguza mafuta ya kupaka yanayoingia majini. Hawaii ilishapiga marufuku, tangu mwaka 2021, uuzaji wa mafuta ya jua yenye kemikali za oksibenzoni na oktinoksati kwa ajili ya matumbawe yake.

Konokono wenye gamba la umbo la koni, lenye madoa mazuri, msiwaokote hata kama linaonekana tupu. Wanachoma, na baadhi yao wanaweza kuua.

Ikitokea mtu kachomwa na taa au samaki wa miiba yenye sumu, kama yule anayefanana na jiwe: tokeni majini, zuieni damu, kisha sehemu iliyochomwa iingizwe kwenye maji ya moto yasiyozidi nyuzi 45 kwa dakika 30 hadi 90. Joto hupunguza maumivu. Maji yapimwe kwa mkono wa asiyeumia, kwa sababu aliyeumia anaweza kuungua asijue. Kwa hiyo chupa ya chai ya kutunza joto, iliyojaa maji ya moto, ni kifaa cha huduma ya kwanza. Pozeni maji hayo kwa maji ya bahari hadi yavumilike. Halafu hospitali siku hiyo hiyo. Mwiba uliozama kifuani, tumboni au shingoni msiuchomoe.

Yavuyavu: suuza kwa maji ya bahari, si maji ya bomba, na wala si mkojo. Toa nyuzi kwa kibanio. Ulizeni mapema, kituo cha afya cha huko, ni aina gani zipo na siki inafaa au haifai, maana jibu hutofautiana kwa aina. Mtu akikosa pumzi au akilegea ghafla, hiyo ni dharura ya mara moja.

Mkato wa matumbawe unaonekana mdogo lakini huoza kwa urahisi. Sugueni kwa maji safi na sabuni hadi vipande vyote vitoke, hata kama inauma.

---

Wageni_wa_Pwani

Ahsanteni sana wakuu, tumeandika kila kitu. Jedwali_la_Maji, namba za fungu hizi hapa. Jumamosi ijayo: kupwa 10:20 kimo mita 0.4, kujaa 16:30 kimo mita 4.0. Chati inaonyesha fungu lina kimo cha mita 1.3. Kati yake na ufukwe kuna mfereji, sehemu yake ya kuvukia ina kimo cha mita 0.7. Tulidhani tunaweza kukaa pale hadi saa 6 mchana.

---

Jedwali_la_Maji

Hapana, saa 6 mchana mtakuwa mmechelewa sana. Fuateni hesabu hii.

Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Gawanya tofauti yote kwa 12. Saa ya kwanza hupanda sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Tofauti yenu ni 4.0 kutoa 0.4, yaani mita 3.6, kwa hiyo sehemu moja ni mita 0.3.

Saa 4:20 asubuhi kimo ni 0.4. Saa 5:20 ni 0.7, mfereji unaanza kupitisha maji. Saa 6:20 mchana ni 1.3, fungu linaanza kufunikwa na mfereji tayari una sentimita 60 zenye mkondo. Saa 7:20 ni 2.2, mfereji una mita moja na nusu.

Mnaona tatizo lilipo. Fungu ni la juu kuliko mfereji, kwa hiyo maji yanawafunga kwa nyuma saa nzima kabla mchanga mliosimama haujalowa. Mtu aliye kwenye fungu anaangalia ukingo wa mbele, bahari kuu iko mbali, anaona ana muda. Njia ya kurudi ndiyo inayofungwa kwanza. Saa yenu ya mwisho itokane na mfereji, msiangalie fungu.

Kwa kwenda pia ni vivyo hivyo: saa 3:20 asubuhi kimo kimeshuka hadi 0.7, mfereji umekauka. Ondokeni ufukweni hapo. Kilomita 1.2 kwenye mchanga uliolowa ni kama dakika 25. Mnafika saa 3:45. Ondokeni kwenye fungu saa 4:20, yaani maji yanapogeuka, na mtavuka mfereji mkiwa na zaidi ya nusu saa mkononi. Nusu saa hiyo msiile, ni ya upepo, ya kanieneo ya hewa, ya mguu uliokatwa na gamba. Hii ni kanuni ya kukadiria, haijui umbo la pwani yenu, na kuna pwani ambazo maji hupanda haraka kuliko inavyosema.

Dakika 35 kwenye fungu ni chache, najua. Mkitaka kukaa zaidi nendeni kwa kayaki, lakini ivuteni hadi sehemu ya juu kabisa ya fungu na muifunge kwenye nanga iliyozikwa mchangani. Maji yakipanda yanainua kayaki bila sauti, na kayaki tupu inakwenda na upepo kasi kuliko mtu anavyoogelea.

Na kama ukungu unaonekana baharini, msiende hata maji yakiwa mazuri. Kwenye fungu tambarare ukungu ukishuka huwezi kujua ufukwe uko upande gani. Bebeni dira na muandike mwelekeo wa kurudi kabla ya kuondoka.

---

Mawimbi_ya_Mbali

Hakuna aliyegusa upande wa majabali, na huko ndiko watu hupotea bila kuingia majini.

Siku isiyo na upepo bado inaweza kuwa na mawimbi makubwa yaliyozaliwa na dhoruba iliyo maelfu ya kilomita. Kwenye utabiri angalieni kimo cha wimbi pamoja na sekunde kati ya wimbi na wimbi. Mita 1.5 kwa sekunde 6 ni fujo tu. Mita 1.5 kwa sekunde 15 ni maji mengi yenye nguvu yanayopanda juu sana ya jabali. Mawimbi hayo huja kwa makundi, na kati ya kundi na kundi bahari inatulia hata dakika 10 au zaidi. Kwa hiyo kabla ya kushuka, kaeni juu mtazame dakika 20 nzima. Jabali lililolowa au lenye utando wa kijani ni mahali wimbi linafika, hata kama hulioni likifika. Msisimame hapo, msiipe bahari mgongo, na mmoja akianguka mwingine asiruke. Mtupieni kitu kinachoelea: mfuko usiopitisha maji uliojazwa hewa, au chupa kubwa tupu iliyofungwa kamba. Mita 15 za kamba inayoelea zinatosha kwa begi la kila safari.

Kwenye fukwe za upande huo kuna mikondo inayotoka. Mahali ambapo mawimbi hayavunjiki, pana rangi nyeusi na utulivu katikati ya mapovu meupe, ndipo maji yanaporudi baharini. Wageni hupachagua kuogelea kwa sababu panaonekana shwari. Kasi yake imewahi kupimwa hadi mita 2.4 kwa sekunde, hakuna muogeleaji anayeishinda. Ikikuchukua, elea, pumua, inua mkono. Mkondo hauvuti mtu chini, unampeleka mbali, na nguvu zake huisha ukipita yanapovunjika mawimbi. Ukiwa na nguvu ogelea sambamba na ufukwe hadi kwenye mapovu, yatakurudisha.

Mmoja akiogelea upande huo, mwenzake abaki nchi kavu akimtazama, bila simu mkononi. Mkiingia wote hakuna wa kuita msaada.

Vifaa vya lazima, kwa mtazamo wangu, ni vile vilivyokwisha tajwa, na mtu wa tatu. Kabla ya kila safari mtumieni rafiki ujumbe wenye njia, saa ya kurudi, na saa ambayo asipowasikia aite waokoaji, tuseme saa 2 baada ya ile ya kurudi. Mwandikieni pia namba ya waokoaji wa baharini wa huko, asianze kuitafuta siku hiyo. Mkirudi mjulisheni mara moja. Mkiwa na redio ya VHF (ya mawasiliano ya baharini), chaneli ya dharura ni 16. Filimbi ni mara 6 ndani ya dakika, kimya dakika moja, kisha rudia. Anayejibu hupiga mara 3.

Na kabla hamjatoka nyumbani kubalianeni hili: mmoja akisema turudi, mnarudi, na hakuna kuulizana sababu mpaka mfike mahali pakavu.